Nyota Haisafishwi

Mwezi huu tunaweka kando kidogo habari za chanjo na uji wa lishe, tuzungumze juu ya nyota. Msishangae. Tutarudi kwenye uji kabla hatujamaliza.

Hapa kwetu Kwamndolwa, na kote Korogwe hadi Handeni, kuna maneno yanayopita kutoka ua hadi ua. Mume akichelewa kurudi nyumbani, watu husema, "Nyota yako imefifia." Biashara ya vitumbua ikidorora, nyota imefungwa. Mtoto akidhoofika, kuna mtu kaichezea nyota yake. Na palipo na ugonjwa wa namna hiyo hapakosi mganga wa kuutibu. Matangazo yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, na siku hizi huingia hata kwenye simu zetu: kusafisha nyota, kung'arisha nyota, kurudisha nyota iliyoibiwa. Wanaoitikia wengi wao ni wanawake, na baadhi yao tunakaa nao benchi moja kanisani.

Katika kikundi chetu cha akina mama tuliulizwa swali zuri: Je, ni kweli nyota inaweza kufifia? Tumeona tulijibu hapa, maana jibu lake ni refu na lina faida.

Ndiyo, nyota hufifia

Wengi wanadhani nyota za mbinguni hazibadiliki kamwe. Hata wenye elimu wa zamani waliamini hivyo. Mmoja wa waliochangia kuwatoa katika wazo hilo alikuwa mchungaji. Mwezi wa Agosti mwaka 1596, Mchungaji David Fabricius, aliyehudumu katika usharika wa kijijini kaskazini mwa Ujerumani, aliona nyota asiyoifahamu. Aliendelea kuitazama ikififia wiki baada ya wiki hata ikatoweka. Akadhani imekwisha. Lakini mwaka 1609 akaiona tena mahali pale pale. Baadaye ikajulikana kwamba nyota hiyo huwaka na kufifia kwa zamu, na mzunguko wake huchukua siku 330 hivi. Ikaitwa Mira, yaani ya ajabu. Inapokuwa na nguvu huonekana vizuri kwa macho. Inapofifia huwezi kuipata bila darubini.

Iko nyingine ambayo Waarabu waliipa jina la kichwa cha zimwi, nayo hadi leo huitwa Algol. Kila baada ya siku 2 na karibu saa 21 hupungua mwanga, na tangu kuanza kupungua hadi kurudi kama kawaida hupita kama saa 10. Aliyechunguza zamu hiyo kwa uangalifu alikuwa John Goodricke, kijana kiziwi wa mji wa York, Uingereza. Mwaka 1783, akiwa bado na umri wa miaka 18, alieleza kwamba huenda kitu kingine kikubwa kinapita mbele ya nyota hiyo na kuikinga. Wazo lake lilikuja kuthibitishwa zaidi ya miaka 100 baadaye: ni nyota 2 zinazozungukana, na ile hafifu hupita mbele ya ile ing'aayo. Mnakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, mwezi ulipopita mbele ya jua na watu wakakusanyika Rujewa kule Mbeya kutazama pete ya moto? Jambo linalotukia Algol ni la namna hiyo hiyo. Zimwi halimo. Tena akina mama wenye watoto viziwi, tafadhali likumbukeni jina la kijana huyo.

Doria ya anga

Kwa muda mrefu nyota kama hizi zilipatikana kwa bahati, mtu akiwa ametazama juu kwa wakati unaofaa. Mambo yalibadilika picha zilipoanza kupigwa kwa sahani za kioo. Kamera huelekezwa angani na kuachwa wazi kwa muda mrefu, na kioo hukusanya hata nyota ambazo jicho haliwezi kuziona. Kila usiku usio na mawingu sehemu ile ile hupigwa tena. Hiyo ndiyo doria ya anga: kupita njia ile ile usiku baada ya usiku, kama askari wa zamu, na kuweka kumbukumbu.

Baada ya hapo kazi ni kulinganisha. Picha ya usiku mmoja, ambayo nyota zake ni nukta nyeusi, huwekwa juu ya picha ya usiku mwingine ambayo nyota zake ni nyeupe. Nyota isiyobadilika, nukta zake hulingana. Iliyobadilika hujitokeza, kwa kuwa nukta moja imezidi nyingine. Kazi hii haidai nguvu za mwili. Inadai macho, subira na uaminifu, na katika chuo cha Harvard, Marekani, iliangukia mikononi mwa wanawake.

Mmoja wao ni Williamina Fleming. Alizaliwa Dundee, Uskoti, mwaka 1857. Mwaka 1878 alihamia Marekani pamoja na mumewe, na huko mume akamwacha akiwa mjamzito. Akatafuta kazi ya nyumbani, akaipata kwa mkuu wa kituo cha kuchunguzia nyota cha Harvard. Bwana huyo aliona akili ya mama yule akampa kazi kituoni. Mtumishi wa nyumbani, mama aliyemlea mwanawe peke yake, akaja kugundua nyota zaidi ya 300 zinazobadilika mwanga, na nyota 10 zilizolipuka. Mwaka 1899 alifanywa msimamizi wa picha zote za kituo. Hata hivyo mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wanaume, naye aliandika malalamiko hayo katika kitabu chake cha kumbukumbu mwaka 1900. Tunadhani wasomaji wetu wengi watamwelewa.

Wa pili ni Henrietta Leavitt, binti wa mchungaji, ambaye usikivu wake ulipungua sana. Alianza kwa kujitolea bila malipo, baadaye akalipwa senti 30 za Kimarekani kwa saa. Yeye aligundua nyota zipatazo 2,400 zinazobadilika. Nyingi alizikuta katika mawingu 2 madogo ya nyota yaliyo upande wa kusini wa anga, ambayo picha zake zilipigwa Peru. Mawingu hayo hata sisi tunayaona Kwamndolwa, kama hakuna mwezi na taa ziko mbali. Yako chini upande wa Segera, kama moshi mweupe usiosogezwa na upepo.

Mwaka 1912 Leavitt alionyesha jambo kubwa. Katika aina fulani ya nyota, yenye mwanga mkubwa zaidi huchukua siku nyingi zaidi kuwaka na kufifia. Faida yake ni nini? Mkiona taa mbali gizani hamwezi kujua kama ni kibatari kilicho karibu au karabai iliyo mbali. Lakini mtu akiwaambia kwa hakika kwamba ile ni karabai, nayo inaonekana hafifu, mtajua kwamba iko mbali, na mtaweza hata kukadiria umbali wake. Kufifia kwa zamu ndiko kunakoitambulisha taa. Kwa kanuni hiyo ya binti wa mchungaji, wataalamu wa miaka ya 1920 waliweza kujua kwamba kuna makundi mengine makubwa ya nyota nje kabisa ya kundi letu.

Tangu mwaka 1927 kamera za Harvard za kusini zilihamishiwa Bloemfontein, Afrika Kusini. Kwa hiyo, kati ya sahani zaidi ya 500,000 walizohifadhi, nyingi zina picha za anga hili hili linalotufunika sisi.

Watu wa kawaida

Huenda mmoja wenu akasema, "Hao walikuwa na chuo." Basi wasikieni hawa wengine, ambao nyota haikuwa kazi yao ya mshahara.

Alexander Roberts alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Lovedale, Afrika Kusini, tangu mwaka 1883. Baada ya kazi zake za ualimu alitazama nyota zinazobadilika na kuandika alichoona. Alifanya hivyo kwa miaka mingi hata maandishi yake yakafika karibu 250,000. Huko huko Afrika Kusini, alfajiri ya tarehe 25 Mei 1925, karani wa telegrafu wa mji wa Beaufort West, Bwana R. Watson, aliona nyota ambayo haikuwapo siku zilizopita. Ilikuwa imelipuka. Mwezi uliofuata ikawa miongoni mwa nyota zing'aazo sana upande wa kusini. Wataalamu walipofungua picha zao za miaka ya nyuma waliikuta pale pale, ila ilikuwa hafifu mno, isiyoonekana kwa macho. Karani aliigundua kwa sababu alizifahamu jirani zake. Picha nazo zikaeleza historia yake, kwa sababu kuna watu waliozipiga na kuzitunza hata wakati ambapo hapakuwa na habari yoyote.

Kule Japani, Minoru Honda wa Kurashiki alipiga anga doria kwa kamera, na katika miaka ya 1970 na 1980 alipata nyota kadhaa zilizolipuka. Mjapani mwingine, Kesao Takamizawa, alipata mamia ya nyota zinazobadilika kwa kulinganisha picha zake mwenyewe. Na Australia alikuwako Mchungaji Robert Evans, aliyefariki mwaka 2022. Yeye alitumia darubini nyumbani kwake, akiwa ameshika kichwani sura za mamia ya makundi ya nyota ya mbali, kama mama anavyojua sura za wanawe. Penye kundi lenye nukta moja ya ziada alitambua mara moja. Alipata milipuko ya nyota zaidi ya 40.

Siku hizi kamera zinazojiendesha, baadhi zikiwa Sutherland, Afrika Kusini, hupiga picha za anga kila usiku, na watu wa kujitolea husaidia kuzipanga nyota zinazogunduliwa. Mwishoni mwa mwaka 2019 dunia nzima ilishuhudia nyota nyekundu iitwayo Betelgeuse ikififia. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake, kisha ikarudi. Wataalamu waliona kwamba ilikuwa imetoa vumbi jingi lililoikinga.

Sasa tuulizane. Betelgeuse ilipofifia, ilikuwa nyota ya nani? Watu wote duniani waliitazama hiyo moja. Kama ingekuwa imebeba ndoa ya mtu au biashara ya mtu, basi ndoa zote zingevunjika pamoja na maduka yote yangefungwa. Nyota ina sababu zake za kufifia: jirani kaikinga, vumbi limeifunika, au yenyewe huvimba na kunywea. Sababu hizo zilijulikana kwa kutazama na kuandika. Hakuna hata moja iliyopatikana kwa kuchinja kuku.

Nukta za kwenye kadi

Hapa ndipo tunapofika kliniki. Kadi ya mtoto, wapendwa, ni doria ya namna yake. Kila mwezi tunampima mtoto, tunaweka nukta moja, tunaiunganisha na ya mwezi uliopita. Nukta moja peke yake haisemi mengi. Mtoto wa kilo 8 anaweza kuwa mzima, na mwingine wa kilo 8 akawa anateremka. Tunapata kujua kwa kulinganisha, kama wale wanawake walivyolinganisha vioo vyao. Mstari ukipanda, tunashukuru. Mstari ukilala, tunauliza maswali. Mstari ukishuka, hatungoji mwezi ujao.

Kulikuwa na mama mmoja kijana ambaye mumewe ni kibarua wa mkonge. Mwanawe wa kike, wa mwaka mmoja na miezi 2, alikuwa amesimama kilo 7 na gramu 100 kwa miezi 2. Mwezi wa tatu hakuletwa. Mama alikuwa ameambiwa kwamba nyota ya mtoto imechezewa, na kwamba aliyeichezea ni mtu wa ndani, mwanamke mtu mzima. Hapakuhitajiwa kutajwa jina. Akatoa kuku mweusi na shilingi 30,000, na tangu siku ile akaacha kumsalimu mama mkwe wake. Wanakikundi wenzetu walikwenda kumwona wakamsihi aje. Utepe wa mkono ulipowekwa ulisoma njano. Kipimo cha damu kikaonyesha malaria. Tulipouliza chakula tukaambiwa ni uji wa sembe mtupu, asubuhi na jioni, maana mama alikuwa anakwenda kibaruani na mtoto alibaki na dada yake mdogo.

Mtoto alitibiwa malaria. Uji ukaongezwa karanga zilizosagwa na dagaa, akala mara 5 kwa siku badala ya mara 2, na mstari wake ukaanza kupanda tena. Lakini ule uhusiano na mama mkwe ulichukua muda mrefu kupona kuliko mtoto. Bibi yule hakuwa na kosa lolote, na ndiye aliyekuja kuwa mpishi wa uji wa mjukuu wake. Tunayaeleza haya ili mwone gharama kamili. Mganga wa nyota hachukui kuku na fedha tu. Huchukua mwezi ambao mtoto alipaswa kuwa kwenye mizani, na huacha mtu mmoja wa nyumbani akiwa amehukumiwa bila kesi.

Basi tukumbushane:

Mtoto chini ya miaka 5 apelekwe kupimwa kila mwezi, hata akiwa anacheza vizuri. Katika vituo vya serikali huduma hiyo hailipiwi.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani nyekundu, ni hatari na anahitaji matibabu mara moja. Kati ya 11.5 na 12.5, yaani njano, anahitaji lishe na ufuatiliaji wa karibu.

Mtoto akivimba miguu yote miwili, akikataa kunyonya au kula, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni saa ile ile.

Mzazi akitaka kuomba, na aombe. Nasi tutaomba naye. Aombe akiwa njiani kwenda kliniki.

Tazameni pamoja na watoto

Tusiwaachie waganga anga letu. Wazee wetu walitazama nyota kwa faida. Jina lenyewe la Kilimia linatokana na kulima, na katika Biblia yetu ya Kiswahili mtalikuta katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38. Tungependa kila nyumba ifanye doria yake ndogo.

Mwezi wa Januari, kama saa 3 usiku, pasipo mawingu wala mbalamwezi, tokeni uani mbali na taa. Juu sana mtaona nyota 3 zilizojipanga kwenye mstari mmoja. Kaskazini yake kidogo, upande wa milima ya Usambara, kuna nyota yenye wekundu: ndiyo Betelgeuse. Fuateni mstari wa zile 3 kuelekea magharibi, mtakuta nyota nyingine yenye wekundu, Aldebaran, na mbele yake Kilimia. Mwulizeni mtoto: kati ya nyota hizi 2 nyekundu, ipi inang'aa zaidi leo? Aandike jibu na tarehe kwenye daftari. Wiki ijayo aulizwe tena bila kusoma alichoandika. Wenye simu ya kamera wanaweza kuiegemeza kwenye kiti, isitikisike, na kupiga sehemu ile ile kila mwezi, kisha kulinganisha. Mvae mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na wadogo wakalale ndani ya chandarua.

Mtoto aliyezoea kutazama, kuandika na kulinganisha hatadanganywa kwa urahisi akiwa mtu mzima. Na tunawaomba msiwaite wavulana peke yao. Binti anayesonga ugali jioni ana macho yale yale aliyokuwa nayo Williamina Fleming alipokuwa mtumishi wa nyumbani.

Jioni moja mwezi huu, mkishamaliza kutazama, someni pamoja Zaburi ya 147 na Isaya sura ya 47. Ya kwanza inasema ni nani anayezijua nyota kwa majina. Ya pili inawaeleza wale wanaouza habari za nyota, na mwisho wao. Kisha mama ukumbuke kuitoa kadi ya mtoto sandukuni na kuitazama nukta ya mwisho iliwekwa tarehe ngapi. Kama mwezi umepita, kesho asubuhi mizani inawangoja.